Yako ama ya Kitabu?

Tena mbele ya inspekta! Mtoto wa darasa la pili, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, anasimama mbele ya inspekta wa shule, mikono nyuma, heshima yote, na kumuuliza mwalimu mkuu: "Mwalimu, tuandike ile yako ama ile ya kitabu?"

Habari ilitoka shuleni ikateremka Kibomet hata kabla watoto hawajatoka kwenda chakula. Mama Cherop aliikuta kwa duka la Gathoni, yule Mama Nderitu, ambako alikuwa ameenda kutafuta chumvi, maskini, hajui hili wala lile. Akina mama walikuwa wamejazana kwa kaunta, na alipotokea mlangoni wakanyamaza ile kunyamaza ya watu ambao walikuwa wanakusema.

"Karibu, Mama Sherop," Gathoni akasema, sauti kama ya matangazo ya vifo kwa redio. "Umeambiwa?"

"Nimeambiwa nini?"

Basi akaambiwa. Na vile kila mmoja alikuwa na mtoto pale shuleni, aliambiwa na wote kwa mpigo. Kwamba inspekta alifika na Land Rover bila kutuma habari. Kwamba Mwalimu Wekoye, ambaye ni mwalimu mkuu na tena ndiye anafundisha darasa la pili Kiswahili kwa sababu walimu hawatoshi, alivaa koti haraka haraka, kola moja ndani kola moja nje, akaanza imla. "Andikeni," akasema. "Baba anarima shamba ra mahindi." Watoto wakainama, wakaandika. Cherop peke yake akainua mkono.

Mwalimu Wekoye ni mtu wa Tongaren, na kwa mdomo wake herufi ele na ere hubadilishana viti vile zinataka. Kila mtu anajua. Nusu ya Kibomet imefundishwa kusoma na huyo mzee na hakuna mtu aliwahi kufungua mdomo, kwa sababu ungemwambia nini? Watoto wenyewe walikuwa wamezoea: akisema anarima wanaandika analima, na maisha yanaendelea.

"Inspekta arisheka," Gathoni akasema. "Arisheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho. Na mwarimu amesimama hapo, shoki mkononi, kama mti."

"Na Cherop?"

"Sherop arienda kupiga magoti nje. Kando ya gari ya inspekta, kwa jua, mpaka hiyo gari ikaondoka. Na ikiondoka akabaki." Gathoni akapima chumvi, akafunga karatasi, akaisukuma. "Lakini si nilikuambia? Mimi nilikuambia zamani. Huyu mtoto ananisheka. Akikuja hapa ananiambia, 'Nipatie shumvi na majani ya shai.' Shumvi! Shai! Mama Sherop, nani anaongea hivyo?"

Akina mama wakaanza kuangalia magunia ya sukari kama hawajawahi kuona gunia.

Mama Cherop alichukua chumvi yake akatoka. Na ukitaka kujua kilichokuwa kinamuuma, haikuwa hiyo aibu ya dukani. Aibu ya dukani alikuwa ameizoea. Pasta wao alikuwa ameshamwombea huyo mtoto, ameweka mkono kwa kichwa, amefunga macho, ameanza "Baba wa mbinguni" kwa ile sauti yake ya kutetemeka. Alipovuta pumzi Cherop akachukua maombi pale yalipoachwa, sauti ileile, kutetemeka kulekule, na kanisa zima likasema amina mara kadhaa kabla mtu hajafungua jicho. Watu wakasema ana pepo. Wengine wakasema hana adabu. Jina la Kasuku lilikuwa limeshamshika.

Lakini Mama Cherop alikuwa amemuuliza mwenyewe, wakiwa wawili tu, wakipukuchua mahindi.

"Kwa nini unaiga watu, mama?"

"Siigi."

"Unaiga Mama Nderitu wa duka. Unaiga pasta. Unaiga kila mtu."

Cherop akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Kila mtu ako na Kiswahili chake. Nikienda kwake naongea chake. Si ndiyo adabu? Si ulisema ukienda kwa watu unavua viatu kwa mlango?"

Mama Cherop akachukua gunzi lingine la mahindi. Alikuwa amesema hivyo, ndiyo. Ya viatu.

* * *

Kesho yake waliitwa ofisini, yeye na Kipsang mume wake, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kwa depo ya mahindi anakobeba magunia na bado alikuwa na vumbi la unga kwa nyusi. Mwalimu Wekoye aliwakaribisha kwa viti viwili, kimoja kizima. Kipsang akachukua kile kibovu, akakaa nusu, mguu mmoja ukifanya kazi ya mguu wa kiti.

"Mimi sina ubaya na mtoto," Mwalimu Wekoye akasema. "Mungu anajua. Rakini kuna vitu mbiri. Ama hana adabu, ama hana masikio. Na mimi nimeangaria huyu mtoto tangu darasa la kwanza. Hagombani, haibi, anasarimia watu. Adabu anayo. Kwa hivyo ni nini inabaki?"

Kipsang akafikiria kwa bidii. "Masikio," akasema.

"Masikio!" Mwalimu Wekoye akagonga meza. "Mtoto anasikia neno, rinaingia rikiwa ringine. Ndiyo maana anaandika vitu vya ajabu. Juzi nimemwambia andika 'mwarimu'. Ameandika na ere!"

Mama Cherop akainua macho. Akafungua mdomo. Akamwona huyo mwalimu, koti lake la siku ya inspekta bado limening'inia kwa msumari, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu lile gari liondoke, akafunga mdomo.

"Sasa," mwalimu akaendelea, "Bungoma wamefungua mahari pa kupima watoto kama hawa. Kuna madam huko, Madam Sellah, amesomea. Akimpima akisema ako sawa, arudi darasani, na mimi nitanyamaza. Akisema hayuko sawa, kuna shure ya wasiosikia, ya kurara hukohuko. Sitaweka mtoto mgonjwa mbere ya inspekta mara ya pili."

"Hiyo shule ya kulala," Kipsang akauliza polepole, "chakula wanapatia?"

"Mara tatu kwa siku."

"Baba Cherop!" mama akasema.

"Nauliza tu. Mtu hawezi kuuliza?"

Huo ndio ulikuwa mwisho wa mkutano. Mama Cherop alitembea nyuma ya mume wake mpaka nyumbani akimwangalia kisogo. Alikuwa na watoto wengine wawili wadogo na mmoja tumboni, na Cherop ndiye aliyekuwa anajua radi inasema nini ikianguka mlimani, kwa sababu alikuwa anaweza kuirudia. Wamchukue wampeleke akae na watu wasiosikia? Akaongee na nani?

* * *

Walipewa nafasi ndani ya lori ya depo iliyokuwa inapeleka mahindi Bungoma, mbele, kando ya dereva, Cherop amekaa kwa mapaja ya mama yake kama mtoto mdogo ingawa miguu ilikuwa inagusa chini. Na hapo, kabla hawajafika, mama alifanya lile kosa.

Alilifanya kwa mapenzi yote. Alimshika mtoto kidevu.

"Cherop. Leo hakuna yake na yangu. Umesikia? Leo hakuna ya huyu na ya yule. Hakuna kubadilisha. Madam akisema kitu, kile sikio lako limesikia ndicho hicho. Shika hicho hicho. Ukijibu, jibu na Kiswahili cha kitabu."

"Hata kama yeye—"

"Hata kama nani. Kitabu tu."

"Sawa, mama," Cherop akasema, na ukimjua huyo mtoto utajua akisema sawa ni sawa.

Mahali penyewe palikuwa chumba kirefu kilichopakwa rangi mpya, na picha za wanyama ukutani. Madam Sellah alikuwa mama mnene wa miwani, mzuri, uso wa watu, na alikuwa na bakuli la biskuti. Alimpa Cherop moja hata kabla hajamsalimia. Mama Cherop alikaa kwa benchi la pembeni, mkoba kwa magoti, akapumua kidogo. Mtu wa biskuti hawezi kuwa mbaya.

"Usiogope, mlembo wangu," Madam Sellah akasema. "Jina rako ni Chelop?"

Cherop akafikiria. "Hapana," akasema.

Madam akaangalia karatasi yake, akamwangalia mtoto. "Wewe si Chelop?"

"Hapana, madam."

Peni ikaandika. Kwa benchi, mkoba ukaanza kuteleza.

"Haya. Hakuna shida. Simama hapa, angaria ukuta. Mimi niko nyuma yako. Ukisikia kengere, inua mkono. Ni hivyo tu. Kengere, mkono juu."

Cherop akasimama akiangalia picha ya twiga. Nyuma yake Madam Sellah akapiga kengele ndogo ya shaba, tiriri. Mtoto akasikia vizuri sana. Hata akasikia kwamba ina ufa mahali. Lakini hiyo ilikuwa kengele. Aliambiwa kengere, na kengere haikuwa imefika. Akaendelea kuingoja. Madam akapiga tena kwa nguvu, tiriri tiriri, mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Cherop alikuwa amekodolea twiga macho, mkono tayari, akingoja.

"Uuu," Madam Sellah akasema kwa huruma, na peni ikaandika mistari miwili.

Mama Cherop alikuwa ameanza kuhisi kitu, kama mtu anayesikia maji yanachemka chumba kingine. Lakini bado hakujua ni nini.

Ndipo zikaja zile picha. Madam alizipanga mezani: ng'ombe watatu kwenye majani, watoto wamekaa chini ya mabati, sahani mbele yao, watoto wamesimama kwa laini ndefu, kila mtu na kikombe, wakingoja maziwa, mama anafagia. Picha nzuri, za rangi.

"Sasa, mlembo. Sikiza vizuri sana. Nionyeshe mahari pa kura."

Cherop akaangalia picha. Akamwangalia mama yake, mara moja, kwa swali. Mama akaitikia kwa kichwa: kile sikio limesikia. Mtoto akaweka kidole kwa ng'ombe.

"Hiyo ni mahari," akasema kwa Kiswahili safi cha kitabu. Kisha akaweka kidole kingine kwa ile laini ya watoto. "Na hiyo ni kura."

Maana ilikuwa mwaka themanini na nane, na Machi hiyohiyo mama yake na baba yake na Gathoni na kila mtu mzima wa Kibomet walikuwa wamesimama uwanjani kwa laini ndefu nyuma ya watu waliowataka, na Cherop alikuwa ameuliza ni nini, na akaambiwa ni kura.

Pale kwa benchi mama yake alishika mdomo. Mahari. Kura. Mungu wangu. Mahali pa kula! Yote ikamfungukia mara moja, Chelop na kengere na kila kitu, na akajua ni nani aliyemfunga mtoto kamba. Alisimama.

"Madam—"

"Kaa tu, mama, karibu tunamaliza." Madam Sellah alikuwa amevua miwani na kuifuta, na macho yake yalikuwa na maji. Alikuwa na moyo mzuri, huyo mama, hiyo ndiyo ilikuwa shida. "Pore sana, mama. Huyu mtoto hasikii. Anasikia robo. Ukimwonyesha watu wanakura, anaonyesha ng'ombe."

"Lakini madam, sikio lake ni zuri tangu azaliwe. Alianza kuongea kabla ya mwaka. Hata daktari wa kliniki alishangaa."

"Wazazi wote wanasema hivyo, mama yangu. Inauma, najua."

Sasa ilikuwa wakati wa kusema. Mama Cherop alikuwa na maneno yote kwa ulimi: Madam, si sikio lake, ni mdomo wako. Hebu jaribu wewe kusema hayo. Umesimama na kitambaa kichwani, viatu vyako vimebandikwa pembeni, na mbele yako kuna mama aliyesoma, ana miwani, ana mhuri, ana machozi kwa sababu ya mtoto wako. Umwambie mdomo wake umepinda? Na ukikosea? Na kama wewe mwenyewe ndiye usiyesikia?

"Asante sana, madam," Mama Cherop akasema. "Mungu akubariki."

Mhuri ukaanguka, pap. Muhula wa shule ya wasiosikia ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Kilichobaki ni mwalimu mkuu kumwachilia, naye agonge mhuri wake kando ya huu.

Kwa mlango Cherop alivuta nguo ya mama. "Kengere haikufika," akanong'ona. "Nilingoja."

* * *

Kibomet ilibadilika kwa siku moja, jamani, na ilibadilika kwa wema! Hao hao waliokuwa wanasema Kasuku, hana adabu, ana pepo, sasa walikuja mmoja mmoja na huruma. Pasta alileta mkate. Kipsang aliazima sanduku la bati kwa dereva wa depo, akalipaka rangi ya buluu, na akaandika CHEROP kwa brashi ileile waliyokuwa wanaandikia magunia, kwa hivyo herufi zikatoka kubwa kama za kampuni. Alikuwa mtulivu sana siku hizo. Alipaka rangi mara mbili pahali ambapo mara moja ingetosha.

"Mara tatu kwa siku," alikuwa anasema, hata kama hakuna aliyeuliza.

Na Gathoni! Gathoni alileta kipande kizima cha sabuni ya kuogea, bure, ile ya kunukia. Alikuja mpaka mlangoni, akainama, akamwekea Cherop mdomo kwa sikio na kupiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

"SHEROP! HII NI SABUNI! YA KUOGA! SHURE!"

Cherop alishtuka. Lakini mtoto mwenye adabu ni mwenye adabu. Kama kwa Mama Nderitu siku hizi watu wanaongea hivyo, basi hivyo. Akavuta pumzi, akainama yeye pia.

"ASANTE, MAMA! NITAOGA SHURE!"

"Ona," Gathoni akamwambia Mama Cherop, akipangusa macho. "Anapiga makerere kama mtu asiyejisikia. Na mimi nirifikiri ananisheka. Mungu anisamehe."

Mama Cherop alikuwa amemwambia mume wake yote, jioni ileile waliyorudi: ya mahari, ya kura, ya kengere. Kipsang alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unataka niende nimwambie mwalimu mkuu na daktari wa Bungoma kwamba hawajui kuongea?"

"Si daktari. Ni madam."

"Mimi mbeba magunia."

Hapo waliiacha. Hata Mama Cherop mwenyewe hakuwa amemwambia Madam kitu, angemlaumu nani?

* * *

Ijumaa asubuhi walienda kutafuta ule mhuri, mama na mtoto, na lile sanduku la buluu pia, kwa sababu lori ya depo ilikuwa inaondoka kesho mapema, na leo sanduku lilikuwa linatakiwa kufikishwa kwa dereva. Waliliweka chini mlangoni mwa ofisi. CHEROP, likasema.

Mwalimu Wekoye aliisoma karatasi ya Bungoma kwa muda. Hakufurahi. Afurahi nini? Alitoa mhuri kwa droo, akafungua kile kisahani cha wino, akapuliza vumbi.

"Pore, Mama Cherop," akasema. "Nirijua ni masikio, rakini sikujua ni mbaya hivi. Ati aritoa kidole akaonyesha ng'ombe? Irikuwaje?"

Mama Cherop akamsogeza mtoto mbele. Akamgusa mtoto begani.

"Mwambie," akasema. "Mwambie vile ilikuwa."

"Kwa ile ya kitabu?" Cherop akauliza.

Mama akaangalia ule mhuri. Akaangalia sanduku. "Hapana," akasema. "Kwa zote. Vile kila mtu alisema."

Cherop akaweka mikono nyuma. Na akaanza, na Madam Sellah akaingia ofisini. Si mchezo. Ungeapa unaona miwani. "Usiogope, mlembo wangu. Jina rako ni Chelop?" Ile huruma, ile pumzi fupi ya mtu mnene. Halafu kengele, tiriri, pamoja na ule ufa wake. Halafu: "Sikiza vizuri sana. Nionyeshe mahari pa kura."

"Ndiyo," Mwalimu Wekoye akasema. "Mahari pa kura. Na wewe ukaonyesha ng'ombe. Kwa nini?"

"Mwalimu," Mama Cherop akasema, "mahari ni ng'ombe."

"Nani amesema mahari? Sijasema mahari. Nimesema mahari!"

Cherop hakuwa amemaliza, na alikuwa ameambiwa zote, kwa hivyo akaendelea. Sauti ikabadilika, ikawa ndogo, ya mtu aliyeshika mkoba:

"Lakini matam, sikio lake ni suri tanku asaliwe. Aliansa kuonkea kapla ya mwaka. Hata taktari wa kliniki alishankaa."

Mwalimu Wekoye akacheka. Ilimtoka tu, hakupenda. Mama Cherop akaangalia mlangoni aone ni nani huyo ameingia, mama gani huyu mshamba anayesema taktari. Kisha uso ukamwaka moto wote. Maisha yake yote alikuwa amesema daktari! Alikuwa na uhakika amesema daktari!

"Asante sana, matam," mtoto akamalizia, taratibu. "Munku akupariki."

Hiyo ndiyo ilimkata. Aliisikia sasa, nje ya mwili wake, ile asante: asante ya mtu anayemshukuru anayemnyang'anya mtoto. Hakukuwa na dhihaka hata tone. Ilikuwa tu vile ilikuwa. Akafuta macho na ncha ya kitambaa, na wakati huohuo, aibu ya nini, akaanza kucheka naye.

"Mimi naongea hivyo, mwalimu?"

"Kidogo," Mwalimu Wekoye akasema kwa upole, bado akitabasamu. "Watu wa mrimani mnaongea hivyo, ni kawaida. Usijari. Mtu hawezi kujisikia mwenyewe."

"Na mimi sijamaliza," Cherop akasema. Akajinyoosha. Kidevu kikaingia ndani, kola moja ikawa kama imekaa nje: "Andikeni. Baba anarima shamba ra mahindi."

Tabasamu la Mwalimu Wekoye lilibaki pale lilipokuwa, limesahauliwa. Midomo yake ikasogea bila sauti. Anarima. Akajaribu tena. Ana... rima. Nje watoto wa darasa la tatu walikuwa wanaimba hesabu. Alijaribu mara nyingine, ulimi ukatafuta mahali pa kushika juu ya meno, ukakosa.

Mama Cherop aliangalia chini kwa heshima, kama vile unavyoangalia pembeni mtu akitafuta kifungo.

"Nirisema," Mwalimu Wekoye akasema hatimaye, na akakohoa. "Tangu mwanzo nirisema huyu mtoto si wa kawaida. Unakumbuka? Hapa hapa nirisema."

"Ulisema, mwalimu."

"Rakini karatasi ni karatasi. Bungoma wameshagonga mhuri. Mimi ni nani nipinge Bungoma?" Na mkono wake, mtiifu, ukachukua mhuri tena, ukaubonyeza kwa wino. Mama Cherop alihisi moyo unashuka kama ndoo kisimani. Mhuri ulikuwa hapo hapo, juu ya karatasi, unang'aa wino. Kisha ukasimama. Jicho la mwalimu lilikuwa limeenda dirishani, nje, pale ambapo Land Rover ilikuwa imeegeshwa siku ile.

"Cherop," akasema, bila kumwangalia. "Ile siku. Nirikuweka upige magoti wapi?"

"Kando ya gari, mwarimu."

"Kando ya gari." Akasogeza kisahani cha wino. "Na inspekta akitoka, akiongea na dereva wake... urisikia?"

"Nirisikia, mwarimu."

"Yote?"

"Yote."

Mhuri ulikuwa bado hewani. Tone la wino likaanguka kwa meza, hakuliona. Wiki nzima huyo mzee alikuwa anaota lile gari: wataniondoa, wataniacha, watanipeleka Turkana nikafundishe mbuzi. Cherop akavuta pumzi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mtu mzima wa Pwani, laini, Kiswahili kimenyooka kama rula:

"'Hebu usiwashe gari kwanza, dereva. Huyu Bwana Wekoye, mimi nilikuwa nimeshaamua ndani ya moyo wangu kwamba—'"

Nje kile chuma cha kengele ya shule kikagongwa. Cherop akanyamaza.

"Kwamba nini?" Mwalimu Wekoye akasema.

Mtoto akaangalia mhuri. Akaangalia sanduku la buluu mlangoni, lenye jina lake kubwa kama la kampuni. Akamwangalia mama yake. Na mama, ambaye Bungoma hakuwa na neno, sasa alikuwa nalo.

"Lori inaondoka kesho mapema, mwalimu," akasema. "Akigongewa huo, kesho ako njiani."

Mwalimu Wekoye akauangalia mhuri kama mtu aliyeukuta tu mkononi. Akaurudisha ndani ya droo. Akaikunja karatasi ya Bungoma mara mbili, akaitia pia, akafunga droo na ufunguo, akautia ufunguo mfukoni mwa lile koti lake la siku ya inspekta. Kesho ilikuwa Jumamosi, lakini darasa la pili lilikuwa na masomo ya ziada tangu sasa hivi, alivyoamua.

"Kesho saa mbiri," akasema, "awe darasani. Kiti cha mbere." Akainama juu ya meza, akashusha sauti. "Haya. Sasa niambie. Kwamba nini?"

Cherop alikuwa ameshashika sanduku lake upande mmoja, akingoja mama ashike ule mwingine. Akageuka, akaweka mkono nyuma, ule uliokuwa huru, na akamjibu mwalimu kwa Kiswahili chake mwenyewe, kama mtu anayevua viatu mlangoni:

"Ire ingine nitakuambia kesho, mwarimu."